Namna ya kumtafuta askari wa familia ukiwa Unguja au Pemba

Katika familia nyingi za Visiwani yupo babu aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, au aliyechukuliwa upagazi katika vita vya Mjarumani, yaani Vita vya Kwanza vya Dunia, na jamaa zake hawajui alikopelekwa wala alikozikwa. Anaweza kutafutwa, mradi kazi ianzie kwa wazee na si kwenye kompyuta.

Hatua ya 1: Kusanya majina yake yote. Hatua hii naisisitiza kuliko nyingine, kwa sababu karani wa jeshi aliandika alivyosikia. Khamis bin Makame wa nyumbani kwenu anaweza kuwa Hamisi Makami katika daftari, au Hamisi tu, na pengine jina la kabila likakaa mahali pa jina la baba. Uliza jina la baba, la babu, la utani, la kijiji, na la mwenziwe aliyeondoka naye. Kisha yaandike yote katika ukurasa mmoja, pamoja na kila namna ambayo Muingereza angeweza kuyaendeleza. Omba pia uonyeshwe barua za zamani, zikiwemo zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Hatua ya 2: Tambua vita vyenyewe. Wazee hukumbuka mahali zaidi ya mwaka. Akitajwa Uhabeshi, anzia 1940 na 1941. Akitajwa Bukini, ni Madagascar mwaka 1942. Akitajwa Bama, yaani Burma (Myanmar ya leo), fikiria Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana na Wajapani mwaka 1944 katika bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Ikisemwa kwamba alizama baharini, chunguza meli ya Khedive Ismail, iliyopigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldives, wakafa watu zaidi ya 1,200, wengi wao askari wa Afrika Mashariki.

Hatua ya 3: Ikiwa nishani ipo, usiisugue, kwani herufi zinafutika. Ya Vita vya Kwanza ishike ubavuni mwa dirisha na uizungushe polepole: ukingoni huwa pamechongwa namba, jina na kikosi, na namba hiyo ina thamani kuliko jina. Nyota za Vita vya Pili kwa kawaida hazina jina, lakini zenyewe zinasema: Nyota ya Afrika walipewa pia waliopigana Uhabeshi, na Nyota ya Burma ni ya waliofika Bama.

Hatua ya 4: Nenda Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, ukiwa na ukurasa wako wa majina na miaka, uombe orodha ya mafaili ya serikali ya zama hizo.

Hatua ya 5: Kwa aliyefia vitani, tafuta bure katika mtandao wa Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Jaza kisanduku cha jina la ukoo peke yake, na ulijaribu humo kila jina la ukurasa wako, hata lile la kwanza, maana majina yetu yalipangwa ovyo. Usipomwona, usihukumu kwamba hakuwahi kuwa askari: ripoti ya Kamisheni hiyo ya mwaka 2021 ilikiri kuwa waliokufa katika Vita vya Kwanza wasiotajwa kwa majina, au wasiokumbukwa kabisa, ni 116,000 kwa uchache, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Ni dhulma, na wapagazi ndio walioumia zaidi.

Hatua ya 6: Ukishajua kikosi, tafuta shajara yake ya vita, yaani daftari la matukio ya kikosi ya kila siku, katika Nyaraka za Taifa za Uingereza zilizopo Kew, London. Za Vita vya Kwanza zimo katika kundi la WO 95, na za Bama katika WO 172. Ni nadra askari wa kawaida kutajwa humo, lakini utajua kikosi kililala wapi, kilivuka mto gani na kilipoteza watu wangapi siku ile. Asiyeweza kusafiri huagiza nakala kwa malipo. Katika maombi taja namba ya faili, kikosi na miezi unayoitaka.