Umebadilisha bloki ya injini? Hivi ndo unaomba kadi ya gari ibadilishwe namba

Hii ni kwa wenye Toyota IST, Runx, Probox na ndugu zake, ambao injini imenoki (imekufa) na fundi kakwambia tafuta bloki nyingine tu, yaani ule mwili mkuu wa injini, maana hedi yako, ile sehemu ya juu inayofunika bloki, bado nzima. Ushauri mzuri kabisa. Ila kuna kitu mafundi wengi hawakutajii: namba ya injini imechongwa kwenye bloki. Haiko kwenye hedi. Hedi badilisha hata mara tano, kwenye makaratasi gari yako ni ileile, lakini ukibadilisha bloki, hata kama vingine vyote umerudishia vya zamani, basi umebadilisha injini na kadi uliyonayo haiendani tena na gari.

Yangu ni IST ya 2003, aina ya injini 1NZ-FE, ilichemsha njiani Chalinze nikajifanya mjuaji nikaimalizia safari, imefika Dar haina kompresheni (mgandamizo wa ndani ya injini). Kosa langu mwenyewe hilo.

Sasa kazi ya kadi inaanzia dukani, siyo TRA. Kabla hujatoa hela omba waifute oili na vumbi uisome namba mwenyewe, piga picha, afu hakikisha risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inaandikwa namba hiyohiyo, siyo "injini used 1" halafu basi. Injini zinazoshushwa na kontena zina nyaraka za forodha, muombe muuzaji kopi, wengine watanuna lakini omba tu. Kama bloki imetoka kwenye gari iliyogongwa hapahapa Bongo, hapo unahitaji kopi ya kadi ya ile gari na maandishi ya mauziano yenye jina na sahihi ya mwenye gari, siyo ya dalali. Muuzaji akikwambia karatasi hazipo, au ukikuta sehemu ya namba imesagwa, ondoka hata kama bei ni ya kutupa. Utakuja kuulizwa wewe, yeye hayupo.

Kuhusu mwaka, watu wanaogopa bure. Bloki ya 1NZ-FE ya 2005 inaweza kukaa kwenye gari ya 2002, cc ni zilezile 1497, shida iko kwenye vitu vinavyoning'inia pembeni. Kuna zenye throtoli ya waya na kuna za umeme, maunti na soketi za sensa nazo zinapishana, kwahiyo cha kufanya hamishia manifodi, throtoli, sensa na waya zako za zamani ubaki na kontrol boksi (kompyuta ya injini) yako ileile. Ukichanganya kontrol boksi ya mwaka huu na throtoli ya mwaka ule taa ya injini haitazima hata ukeshe. Na angalia sana usiuziwe 1NZ-FXE, hiyo ni ya haibridi, ya Prius, cc zinafanana lakini mpangilio wake wa ndani ni mwingine, kompresheni 13 kwa 1 wakati FE ni 10.5. Kwa macho ya haraka unaweza usishtuke, kwahiyo hakikisha ni FE kabla hujalipa.

Injini ikishafungwa na gari inawaka usianze kuzurura nayo. Nenda polisi wa usalama barabarani, kwa mkaguzi wa magari, na gari yenyewe pamoja na kadi halisi, kitambulisho na zile karatasi za injini. Pale wanalinganisha chesisi na kadi, wanasoma namba mpya ya injini, wanaangalia kama haina kesi ya wizi, afu unapewa ripoti ya ukaguzi. Osha injini kabla hujaenda jamani, mimi nilirudishwa kwa sababu namba ilikuwa imejaa grisi haisomeki, nusu siku ikaishia kwenye kutafuta mafuta ya taa na brashi. Na tochi beba, namba ya NZ imekaa upande wa giaboksi, simu haiingii vizuri.

Kuna fundi atakwambia mbona rahisi tu, tunasaga hii tunapiga namba yako ya zamani. Usikubali. Hiyo ni jinai, na siku mkaguzi akigundua namba imechezewa anaanza kukuangalia kama mwizi wa gari, yaani umenunua injini halali afu umeigeuza kuwa ya wizi kwa mikono yako.

Ukishapata ripoti ndo unaenda TRA, maana wao ndo wanaosajili magari. Andika barua fupi ya maombi, siyo insha: jina lako kama lilivyo kwenye kadi, TIN, namba ya gari, namba ya chesisi, namba ya injini ya zamani, namba mpya, na sababu sentensi moja, "injini ya awali iliharibika". Ambatanisha kadi halisi, ripoti ya polisi, risiti na nyaraka za injini, na kopi ya kitambulisho. Kama gari bado ina jina la aliyekuuzia, anza na kuhamisha umiliki kwanza, maana ombi la kubadili taarifa ni la mwenye jina kwenye kadi, na hapa ndo wengi wanakwama kabisa. Kama umetoka 2NZ ya 1300 ukaweka 1NZ ya 1500 sema pia cc zimebadilika, nazo zipo kwenye kadi. Usiogope kwamba utalipia zaidi kila mwaka, ile road license ya kila mwaka ilifutwa 2017.

Wakishakubali unapewa control number, unalipa benki au kwa simu. Usimpe mtu keshi mkononi pale nje hata akiwa na kitambulisho shingoni.

Kadi mpya ikitoka usiikunje ukaweka mfukoni ukaondoka kwa furaha. Simama palepale dirishani, fungua ile picha ya bloki kwenye simu, linganisha tarakimu moja moja, maana namba moja ikikosewa kuchapwa unaanza upya na safari hii kosa halionekani kama ni lao. Halafu siku hiyohiyo wapigie watu wa bima wabadilishe namba ya injini kwenye hati yako ya bima, hasa kama una kombrihensivu (bima kubwa). Risiti na ripoti ya ukaguzi piga kopi uweke kwenye droo ya gari, zile halisi zibaki nyumbani na kadi.