Somo: Kuchora kiboko wa Dunga kwa rangi za maji

Kila wiki naulizwa kwa nini viboko wangu wanaonekana wamelowa na wa wenzangu wanatoka kama mawe meusi. Naandika mara moja. Ukiniuliza tena nitakurudisha hapa.

Kwanza, usikodi mtumbwi ili umkaribie. Nimekulia Dunga, ufukweni mwa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, karibu na mji wa Kisumu. Kiboko hushinda majini mchana, usiku hutoka kula nyasi, na mahindi ya kando ya ziwa kwake ni nyasi vilevile. Kuna asubuhi tuliamka na mama tukahesabu mistari iliyobaki. Baada ya hapo tulijua njia yake, tukawa hatuipiti kabla jua halijapanda. Mchore kutoka ufukweni, kwa umbali uleule tunaoishi naye.

1. Karatasi nene ya rangi za maji, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ibandike ubaoni kwa utepe pande zote nne.

2. Penseli nyepesi. Macho, masikio na pua viko juu kabisa ya kichwa, ndiyo maana anakuona hali mwili wote umezama. Chora hivyo na kipande cha mgongo, basi.

3. Lowesha sehemu ya maji, paka kahawia yenye ukijani. Ghuba yetu si bluu.

4. Ngozi: waridi hafifu iliyochanganywa na kahawia. Acha karatasi tupu pale jua linapong'aa mgongoni.

5. Subiri ikauke. Hapa ndipo nilipoharibu picha niliyoihangaikia siku tatu. Ilikuwa Aprili, mvua za masika, hewa nzito. Niligusa ukingo wa karatasi nikauona mkavu, nikaweka kivuli. Katikati bado palikuwa na unyevu. Maji ya brashi yakaisukuma rangi ya chini, ikatoka madoa yenye kingo za kolifulawa usoni mwake. Usijaribu kuyasugua, utachubua karatasi. Pima kwa mgongo wa kiganja, katikati, bila kukandamiza: ikiwa baridi, bado ni mbichi. Wakati wa mvua nasubiri hata saa nzima. Usianike juani, ubao utapinda.

6. Kivuli: bluu ya altramarini na kahawia ya siena. Huzaa kijivu chenye uhai.

7. Mafunjo ya nyuma, brashi nyembamba, kutoka chini kwenda juu.

MASWALI

— Mwalimu, nimetumia karatasi ya daftari, imejikunja yote. Nifanyeje?
Hatua ya 1.

— Nyeusi ya kwenye kisanduku haifai?
Hatua ya 6. Nimeiandika kwa sababu hiyo.

— Samahani dada, hiyo waridi umeitoa wapi? Mimi huona kijivu tu.
Swali zuri. Mtazame anapotoka majini jioni, kuzunguka macho, nyuma ya masikio na tumboni. Tena ngozi yake hutoa majimaji mekundu yanayoikinga na jua, wazee wengine hudhani ni damu. Ukianza na kijivu, wekundu huo hautaurudisha. Nitumie picha yako tuitazame pamoja.

— Mjomba wangu alipinduliwa na huyo mnyama akivua. Kwa nini mnampamba?
Pole sana, kaka. Simpambi. Sijawahi kumchora akicheka wala akipiga miayo kama kwenye kadi za watalii. Namchora anavyotutazama sisi wa ufukweni, na mtumbwi nikiuweka huuweka mbali. Ukiona picha yangu inayomfanya rafiki, niambie.

— Vimulimuli vya jua majini unaviachaje? Brashi yangu hupita juu yake.
Chukua kipande cha mshumaa mweupe, chora mistari mifupi kabla ya hatua ya 3. Rangi haishiki kwenye nta. Jaribu pembeni kwanza, haufutiki.

— Mimi niko Ahero, viboko hatuna, yangeyange wamejaa kwenye mpunga. Mweupe juu ya karatasi nyeupe anachorwaje?
Usimchore yeye, mama. Paka kijani cha mpunga kumzunguka, umwache. Kisha kivuli cha bluu nyepesi sana chini ya bawa. Mguu mweusi uwe wa mwisho, karatasi ikiwa kavu.

— Kavu kiasi gani?
Mgongo wa kiganja, mama. Katikati.