Somo: Kumlea kiongozi aliyepandishwa cheo hadi aimudu nafasi yake mpya

Somo hili ni kwa wewe uliyekabidhiwa kumlea mtu ambaye jana alikuwa fundi hodari au msimamizi wa zamu, na leo anaongoza idara nzima katika kampuni ya madini au ya uchukuzi hapa Lubumbashi. Kinachomwangusha mara nyingi ni kule kuendelea kuifanya kazi ya jana, kwa sababu ndiyo iliyompatia sifa.

Hatua ya kwanza: mwachishe kazi ya zamani. Kwa wiki moja aandike kila jambo alilolifanya na muda lililochukua, kisha mketi pamoja, mkitia alama mbele ya kila kazi ambayo mtu wa chini yake angeiweza. Mkuu mpya wa karakana ya malori atakuta kwamba asubuhi tatu alikuwa chini ya gari akikagua breki, ilhali bajeti ya vipuri haijaguswa na mvua za Novemba, zinazoharibu barabara na magari, zimekaribia. Usimkemee. Muulize kazi hiyo atamkabidhi nani, lini, na atajuaje kwamba imefanywa vizuri. Mpaka ataje jina na siku, hajaikabidhi. Hatua hii ndiyo nzito kuliko zote, na mkiiruka, zinazofuata hazitashika.

Hatua ya pili: acha kumpa majibu. Akikujia na tatizo, kwa mfano malori yaliyokwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa kasoro ya karatasi za forodha, ataje njia mbili anazoziona, gharama ya kila moja, na ile anayoichagua. Ingilia tu penye hatari kwa maisha ya watu au hasara isiyorekebishika.

Hatua ya tatu: mzoeze kusema mbele ya wakubwa. Karakanani tunazungumza Kiswahili, lakini ripoti na vikao vya wakurugenzi huendeshwa kwa Kifaransa, na inaniuma kuona watu wenye akili nyingi wakinyamaza kikaoni kwa sababu hiyo tu. Akueleze hoja yake kwanza kwa Kiswahili mpaka inyooke, ndipo aiandike kwa Kifaransa katika ukurasa mmoja: anaomba nini, kwa nini, na kwa gharama gani.

Maswali ya wanachama

Mama mmoja wa Likasi anauliza: "Mwalimu, kijana ninayemlea anaongoza mafundi wenye umri wa baba yake. Akiwaamuru wanaitika, lakini kazi haiendi. Nifanyeje?"

Jibu: Mama, asiwaamuru kabla hajawauliza. Awaendee wazee hao mmoja mmoja, awasalimie kwa heshima yao, awaombe wamweleze kazi inakwama wapi. Uamuzi ukishapatikana, autangaze mwenyewe mbele ya wote, na kila mtu apimwe kwa kipimo kilekile, mzee na kijana.

Ndugu wa Kolwezi anauliza: "Je, mkubwa wake wa kazi anaweza kuwa mlezi wake?"

Jibu: Anaweza, ndugu yangu, ila mazungumzo ya kumlea yatenganishwe na yale ya kutathmini kazi yake, maana anayeogopa alama mbaya hatasema anapokwama. Ikiwezekana, apate pia mlezi wa idara nyingine, asiye na mamlaka juu ya mshahara wake.