Mwaka wa michezo nyumbani kwetu, na namna ya kuupanga

Sisi tuko Moshi, kwa hiyo mwaka wetu unaanza na Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari. Baba watoto anakimbia kilomita 21, mimi na watoto kilomita 5. Anza mazoezi Desemba, alfajiri, siku tatu kwa wiki. Jua likishapanda watoto wanachoka upesi.

Bandika kalenda jikoni. Andika mitihani kwanza, mechi baadaye. UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) na UMISSETA (ya sekondari) huangukia katikati ya mwaka, basi tenga nauli na hela ya vifaa kidogo kidogo tangu Januari.

Kazi yenyewe ni masika. Njumu zikirudi na matope, usizilaze hivyo. Zigonganishe udongo udondoke, toa soli za ndani, sugua kwa mswaki mkuukuu, kisha zijaze magazeti makavu. Kabla ya kulala, yabadilishe. Usizianike karibu na jiko la mkaa: za binti yangu ziliachia gundi usiku mmoja tu, akakosa mechi. Niliumia kuliko yeye.

Uji wa ulezi mtoto anywe mapema, saa mbili kabla ya mchezo. Ukiacha ile ya marathon, Jumapili zetu zote ni ibada, mtori na usingizi wa mchana.