Stata inakokota? Pima volti zinazopotea njiani kabla ya kuishusha

Mwanafunzi wa ufundi akisikia stata (mota inayozungusha injini ili iwake) inazunguka kwa uzito, mkono hukimbilia spana. Stata inashushwa, pengine inanunuliwa mpya, kumbe ugonjwa ulikuwa bolti ya erthi iliyoshika kutu. Multimita ingemwonyesha hilo bila kufungua nati hata moja.

Usipime kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani. Stata ya gari dogo huvuta ampea 150 hivi, mara nyingi zaidi. Kiungio chenye ukinzani wa omu 0.01 tu kitakula volti 1.5 (150 × 0.01), na stata itakosa nguvu. Multimita ya kawaida haiioni omu 0.01, kwani nyaya zake zenyewe zina ukinzani unaozidi huo. Hata waya mnene uliokatika nyuzi zote ukabakiwa na mmoja, kwenye omu utasomeka mzima. Ubovu wake huonekana umeme mwingi unapopita.

Anza na betri. Kama gari limetoka kutembea, washa taa kubwa dakika 2, zima, subiri kidogo, kisha pima. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Ikiwa chini ya 12.4, ichaji kwanza, maana vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya.

Sasa zuia injini isiwake: kwa gari la petroli, chomoa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta. Weka gia nyutro (au P kwa otomatiki), vuta hendibreki, weka nyaya za multimita mbali na feni na mikanda. Multimita iwe kwenye volti za DC, kamwe isiwe kwenye ampea. Mwenzako apige stata sekunde 5 kwa kila kipimo, na stata ipumzike kati ya kipimo na kipimo.

1. Betri ikiwa kazini: ncha nyekundu ya multimita kwenye nguzo chanya ya betri, nyeusi kwenye nguzo hasi. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 9.6. Ikishuka, betri ni dhaifu au stata inavuta umeme kupita kiasi.

2. Upande chanya: nyekundu kwenye nguzo chanya ya betri, nyeusi kwenye bolti ya stata unapofika waya mnene. Piga stata usome. Ikizidi volti 0.5, kuna kizuizi njiani.

3. Upande wa erthi: nyekundu kwenye bodi ya stata, mahali penye chuma kitupu, nyeusi kwenye nguzo hasi. Isizidi volti 0.2. Usiruke kipimo hiki. Mafundi wengi huishia upande chanya, na erthi mbovu ikabaki palepale.

Gusa nguzo yenyewe ya risasi, si kibano kilichoifunga. Ukigusa kibano umekiacha nje ya kipimo kiungio kinachoharibika mara nyingi kuliko vyote.

Ukipata volti zinazopotea kupita kiwango, sogeza ncha moja hatua kwa hatua: nguzo hadi kibano, kibano hadi mwisho wa waya, na kuendelea. Kiungio kimoja kisizidi volti 0.1, waya mmoja usizidi 0.2. Pale namba inaporuka ndipo penye ubovu.

Kuna mtego mmoja. Stata ikiwa haizunguki kabisa na multimita ikasoma karibu 0, usiseme waya ni wazima. Bila umeme kupita hakuna volti inayopotea, kwa hiyo kipimo hicho hakina maana. Hapo chunguza kwanza kama waya mwembamba wa solenoidi (swichi ya sumaku-umeme inayoiwashia stata umeme) unapata umeme ufunguo unapozungushwa. Na ikiwa pande zote mbili ni nzuri, betri ni nzima, lakini mzunguko bado ni mzito, basi sasa ishushe stata ukague kaboni na bushi, au uchunguze kama injini yenyewe ni nzito kuzunguka.

Kusafisha kiungio, fungua waya wa hasi wa betri kwanza, sugua kwa burashi ya waya au msasa hadi chuma king'ae pande zote mbili, kaza, na hasi irudi mwisho. Waya uliovimba au wenye unga wa kijani chini ya plastiki ubadilishwe wote. Kisha rudia kipimo kilekile ulichoanza nacho, uandike namba ya kabla na ya baada.