Nembo ya saluni ya mbwa na paka: ipeleke kwa fundi mihuri kabla ya kuilipia

Kuna nembo nilikaa nayo siku nne. Paka amejikunja ndani ya beseni, povu limemjaa kichwani, sharubu sita nyembamba kama uzi. Kwenye kompyuta ilikuwa inang'aa mpaka nikawaita wenzangu waje waione. Nikaipeleka kwa fundi mihuri Kariakoo. Akaitazama, akanitazama na mimi.

"Bosi, hizi sharubu hazitoki."

Nikamwambia achonge hivyo hivyo. Ulipogongwa kwenye karatasi, paka wangu alikuwa bonge la wino, huwezi kujua kichwa kiko wapi na mkia uko wapi. Mwenye saluni alicheka tu, muungwana wa watu, lakini nembo ile niliichora upya bila senti.

Tangu hapo nimechora nembo za biashara ndogo nyingi hapa Dar, zikiwemo za watu wanaoosha na kunyoa mbwa na paka. Utaratibu ninaofuata sasa ni huu. Utakufaa hata kama unamlipa mtu akuchoree, kwa sababu kazi ya kuchagua inabaki kuwa yako.

Hatua ya 1: Fungua daftari la wateja

Usianze na mtandao. Ukitafuta picha huko utaletewa mbwa mdogo mwenye nywele za mabumunda, kafungwa utepe wa waridi shingoni. Sasa jiulize, ni nani anakuletea mbwa? Ukiwa Masaki au Oysterbay, huenda ndiye huyo huyo. Ukiwa Goba au Mbezi, wengi watakuja na mbwa wa ulinzi, jibwa la geti, limejaa kupe masikioni na halijawahi kuona shampuu. Mwenye mbwa huyo akiona utepe wa waridi anapita moja kwa moja. Anajua pale si kwake.

Mteja wangu mmoja wa Mbezi nilimchorea mbwa wa kawaida kabisa, sikio moja limesimama, la pili limelala. Watu wanaingia wanasema, "Huyu kama wangu." Hilo ndilo unalolitafuta.

Lipo pia jambo ambalo watu hawalisemi kwa sauti. Kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi, ila paka anaingia mpaka chumbani. Kama unaosha paka pia, usimfiche nyuma ya mbwa. Mama mwenye paka akiona kichwa cha mbwa peke yake bangoni, hatauliza kama mna beseni tofauti. Ataondoka. Ninavyoona mimi, ama wachore wote wawili kwa ukubwa sawa, ama usichore mnyama kabisa, uchore kitana au beseni.

Hatua ya 2: Alama za kukataa

Msalaba mwekundu, hapana. Dizaina akikuletea, mrudishie. Alama ile inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Ni ya huduma za tiba za majeshi na ya vyama vya Msalaba Mwekundu. Si pambo la kuonyesha usafi.

Nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo naye aende zake. Hiyo ni ishara ya tabibu, na udaktari wa mifugo Tanzania una sheria yake, ya 2003, pamoja na baraza linalosajili madaktari. Wewe unaosha, unanyoa na kukata kucha. Ukiweka nyoka mlangoni, siku moja saa mbili usiku utaletewa mbwa anayetapika damu, na mwenyewe hatakuelewa ukimwambia hapa ni saluni.

Unyayo wa mbwa, ile alama ya vidole vinne na kiganja, hauna kosa kisheria. Tatizo ni kwamba duka la chakula cha mbwa linao, daktari anao, muuza minyororo anao. Mteja atakumbuka unyayo, jina lako hatalikumbuka.

Hatua ya 3: Anza na nyeusi tupu

Rangi ni mwanasiasa, inafunika madhambi. Mwambie dizaina akuletee michoro mitatu kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, hata kwa penseli. Panda wa WWF, shirika la kuhifadhi wanyama na mazingira, ambaye mchoraji Peter Scott alimkamilisha mwaka 1961, alipendwa kwa sababu kadhaa, na mojawapo ni kwamba mnyama mwenyewe ni mweusi na mweupe, kwa hiyo gharama ya kuchapa inapungua. Shirika la dunia nzima lilihesabu wino, seuze wewe wa chumba kimoja Tabata.

Hatua ya 4: Ipeleke itakakoishi

Hapa ndipo penye kazi. Chukua michoro yako miwili au mitatu iliyobaki uitese.

Muhuri kwanza. Printi nembo kwa upana wa sentimita 2, uitazame. Mistari ikigusana au ikipotea, mwambie dizaina ainenepeshe au aitoe. Huna haja ya kuchonga muhuri wa majaribio kama mimi, karatasi inatosha kukuambia ukweli.

Kisha WhatsApp. Weka mchoro kama picha yako ya wasifu kwa siku moja. Picha inakatwa kuwa duara, na kwenye orodha ya mazungumzo inabaki kama ukucha wa kidole gumba. Kama jina limetandazwa kulia na kushoto, herufi za pembeni zitaliwa. Dawa yake ni kuwa na nembo mbili za ukoo mmoja: ndefu yenye jina kwa ajili ya bango, na ya duara yenye alama peke yake kwa ajili ya simu.

Halafu bango. Hesabu wanayotumia watengeneza mabango ni kwamba kila mita 3 za umbali zinahitaji herufi yenye urefu wa sentimita 2.5 hivi. Kama unataka mtu aliye ng'ambo ya barabara, mita 15, asome vizuri, herufi ziwe kama sentimita 12 na nusu. Pima ukuta wako kabla ya kuchagua jina la maneno matano.

Eproni na fulana: fundi wa kudarizi anashona kwa uzi, na uzi una unene wake. Matone madogo ya maji, vipovu, kope za paka, vyote vinageuka mafundo.

Rangi inakuja mwisho, na mwamuzi wake ni jua. Tazama bango lolote la zamani lililosahaulika barabarani, nyuso za watu zimekuwa za bluu. Ni kwa sababu kwenye wino wa bei nafuu nyekundu na njano huondoka mapema, bluu na nyeusi zikabaki. Ukichagua waridi kama rangi kuu, jiandae kubadilisha stika mara kwa mara, au lipia wino na stika za kuhimili jua. Na ile kijani inayowaka kwenye simu haitatoka vile kwenye karatasi. Simu inachanganya mwanga, printa inachanganya wino. Omba kipande cha majaribio, kibandike upande wa ukuta unaopigwa na jua la mchana, kikae wiki chache.

Hatua ya 5: Waulize wasiokupenda

Grupu la familia litasema "nzuri sana, hongera". Shangazi ataweka maua. Haikusaidii.

Nenda kijiwe cha bodaboda. Onyesha nembo bila jina, hesabu moja mpaka tatu, ifiche, uliza: hapa wanafanya kazi gani? Ile ya paka ndani ya beseni niliipeleka baada ya kuirekebisha sharubu. Kijana mmoja akafikiri kidogo.

"Wanauza supu?"

Nilitaka kukasirika, nikaitazama tena. Beseni lina mikono miwili pembeni, povu linapanda kama mvuke. Ni sufuria, na paka yumo ndani. Nikaondoa mikono, nikaweka brashi ya mpini mrefu mbele yake. Kijiwe cha pili walisema "wanaosha paka", nikarudi ofisini nimenyooka.

Hatua ya 6: BRELA

Watu wengi husajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, wakadhani nembo nayo imeshalindwa. Haijalindwa. Jina la biashara ni usajili mmoja, alama ya biashara au huduma ni mwingine, na una maombi yake. Alama hupangwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma, na kuosha na kupamba wanyama kunaangukia daraja la 44. Ukianza kuuza shampuu yako mwenyewe, hiyo ni daraja la 3. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar wana ofisi yao, kwa hiyo ukifungua tawi Unguja unaanza upya.

Angalia asili ya mchoro pia. Kama dizaina ameokota mbwa kwenye maktaba ya Canva, ile programu ya mtandaoni yenye michoro iliyo tayari, hata mwenye saluni ya Mwanza anaweza kumwokota mbwa huyo huyo, na hutaweza kumsajili awe wako. Muulize waziwazi: "Huyu mbwa umemchora mwenyewe?"

Hatua ya 7: Dai mafaili kabla ya malipo ya mwisho

Usipokee picha ya JPG iliyotumwa WhatsApp ukasema tayari. Ukiikuza iwe bango, kingo zinakuwa ngazi. Dai faili la vekta, yaani SVG au PDF iliyotoka kwenye programu aliyochorea, ambalo linakuzwa hadi ukubwa wa ghorofa bila kupoteza umbo. Dai PNG isiyo na mandhari nyuma, nembo nyeusi tupu, nembo nyeupe tupu kwa ajili ya fulana nyeusi, na namba za rangi zilizotumika. Jitumie vyote kwa barua pepe yako mwenyewe mkiwa bado mmekaa naye, uvifungue mbele yake, ndipo umalizie kumlipa.