Kutoka tope la fuwele hadi ramani ya elektroni: kusoma umbo la protini kwa leza ya eksirei

Leza ya eksirei kama LCLS ya California au SACLA ya Japani hupiga kila fuwele mara moja tu. Pigo huisha ndani ya femtosekunde (sehemu ya milioni-bilioni ya sekunde) chache au makumi kadhaa, na picha ya madoa ya eksirei zilizotawanywa na fuwele hunaswa kabla fuwele haijasambaratika. Kwa hiyo zinahitajika fuwele nyingi mno, ndogo, zenye ukubwa unaolingana.

Hatua ya 1: Otesha. Lenga mikromita 5 hadi 10. Ponda fuwele kubwa upate mbegu, kisha zichanganye na protini na myeyusho wa kufuwelisha huku ukikoroga. Kadiri mbegu zinavyozidi, ndivyo fuwele zinavyokuwa ndogo. Kagua kwa hadubini.

Hatua ya 2: Chuja. Kwa mrija wa kurushia wenye kipenyo cha ndani cha mikromita 75, tumia chujio la mikromita 20. Suuza kwa myeyusho uleule zilikooteshwa. Maji matupu huziyeyusha.

Hatua ya 3: Rusha. Anzisha mkondo mwembamba unaopita mbele ya leza kwa maji, ukitulia ndipo ufungulie fuwele, na urudi kwenye maji kabla ya kuzima. Ukiruka hapo, chumvi au PEG (polima ya kufuwelisha) hukauka kwenye ncha ya nozeli na kuiziba. Zungusha hifadhi ya sampuli muda wote, la sivyo fuwele hutuama na picha zenye madoa hupungua taratibu bila sababu ya wazi.

Mkondo unaobanwa kwa gesi ya heliamu hula sampuli mikrolita 10 hivi kwa dakika. Ukikimbia mita 10 kwa sekunde na leza ikipiga mara 120 kwa sekunde, milimita 83 za mkondo hupita kati ya pigo na pigo bila kuguswa. Protini ikiwa adimu, tumia monooleini, mafuta mazito ya kubebea fuwele, inayosukumwa polepole zaidi. Ndani ya ombwe hupoa na kuganda, kisha huchora duara kali kwenye picha, kuchanganya 7.9 MAG, mafuta mengine ya jamii hiyo, huzuia hilo.

Hatua ya 4: Sahihisha jiometri ya detekta (kinasa picha), yaani umbali na mpangilio wa paneli zake. Hapa ndipo data nzuri huharibika zaidi, kwa hiyo usiharakishe. Anza na lisozimu, protini ya majaribio ambayo seli yake (kisanduku kinachojirudia ndani ya fuwele) inajulikana: pande zake ni takriban Å (angstromu) 79, 79 na 38. Endesha indexamajig ya CrystFEL (mkusanyiko wa programu za kuchakata picha hizi), inayotafuta mwelekeo na seli ya kila fuwele, kisha fungua cell_explorer, inayochora grafu za vipimo vya seli. Pande zote zikirefuka kwa asilimia moja, yaani 79 ikisomeka karibu 80, umbali wa detekta ulioandikwa ni mrefu kupita ule halisi. Vilima vya grafu hizo vikiwa vipana au vyenye vilele viwili, shuku kitovu cha mwale au paneli zilizosogea.

Hatua ya 5: Unganisha. Tumia partialator, programu ya CrystFEL inayounganisha vipimo vya picha zote. Rsplit, kipimo cha tofauti kati ya nusu mbili za data, inapaswa kushuka kadiri picha zinavyoongezeka. Ikigoma kushuka katika kundi la ulinganifu kama P6₃, huenda fuwele zimeindeksiwa (zimepewa mwelekeo) kwa mielekeo miwili; pitisha data kwenye ambigator, programu inayotatua utata huo, kwanza.

Hatua ya 6: Tafuta awamu, taarifa ya mawimbi ambayo picha hazirekodi lakini ramani inaihitaji. Programu ya Phaser na modeli ya protini inayofanana kwa kawaida hutosha. Kisha ondoa kipande cha modeli, kokotoa ramani ya elektroni upya, na uangalie kama umbo la kipande hicho linajitokeza lenyewe, yaani kutoka kwenye data, si kwenye modeli.